Mtafiti Mgeni: Kweli na Uongo Unaosemwa Kisangani

Ukikaa na wasaidizi wa chuo kikuu au na viongozi wa mashirika hapa Kisangani, kuanzia Makiso hadi Mangobo, utasikia maneno yaleyale kuhusu nafasi za mtafiti mgeni. Ni zile nafasi ambazo chuo, makumbusho au taasisi ya nchi nyingine humwalika mtu kwa miezi miwili, mitatu, hata mwaka, humpa meza, maktaba, nauli na posho ya kujikimu, ili asome na kuandika juu ya jambo analolijua. Baadhi zimewekwa mahususi kwa wanaochunguza mashirika yasiyo ya kiserikali na mashirika ya raia. Nyingine huipokea mada hiyo pamoja na nyingine za sayansi za jamii. Wengi wetu huziita bourse tu, tukizichanganya na ufadhili wa masomo, na mkanganyiko unaanzia hapo. Nafasi hizi hazitoi shahada. Zinatoa muda.

Muda ndio tunaoukosa. Mkoa wa Tshopo una mashirika ya haki za binadamu, ya misitu, ya wanawake, ya waathirika wa vita na ya wakulima, na watu wanaoyajua kwa ndani wako hapa. Lakini ukitafuta vitabu na makala juu yake, mara nyingi jina la mwandishi ni la mtu aliyepita. Naamini sehemu ya sababu ni haya tunayoambiana bila kuyapima, kwa hiyo nimeyakusanya niyapime.

“Ni za maprofesa wenye udaktari.”

Si kweli kwa zote. Zipo zinazodai udaktari, na tangazo husema hivyo wazi. Lakini programu ya Reagan-Fascell, iliyoanza Washington mwaka 2001 chini ya National Endowment for Democracy, tangu mwanzo ilipokea wanaharakati, wanahabari na watetezi wa haki pamoja na wasomi. Msomi aliulizwa udaktari wake, mwanaharakati aliulizwa amefanya nini na kwa miaka mingapi. CODESRIA, baraza la watafiti wa sayansi za jamii la Afrika lililoanzishwa 1973 na lenye makao Dakar, limekuwa na programu za watafiti vijana kwa miongo mingi. Makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, hupokea kwa muda mfupi watafiti na watumishi wa taasisi za Afrika.

Kwa hiyo CT (chef de travaux) ambaye tasnifu yake imekwama kwa sababu ya vipindi vya kufundisha asijiondoe mwenyewe kabla ya kusoma tangazo hadi mwisho. Wala asijiondoe katibu wa shirika mwenye licence moja na kabati lililojaa ripoti alizoziandika kwa mkono wake. Kabati hilo lina uzito kuliko anavyodhani.

“Mashirika ya raia yaliletwa na wafadhili miaka ya 1990. Hakuna historia ya kuchunguza.”

Si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaufuta mji mzima.

Stanleyville, kama mji huu ulivyoitwa zamani, ilijaa vyama miaka ya 1940 na 1950. Patrice Lumumba alifika hapa mwaka 1944 na baadaye akafanya kazi posta, na kabla hajawa mwanasiasa wa taifa alikuwa mtu wa vyama: chama cha watumishi wenyeji wa posta wa mkoa, chama cha waliosoma kwa mapadri wa Scheut, chama cha évolués, yaani Wakongo waliosoma, wa mji. Jean Omasombo na Benoît Verhaegen wameyafuatilia hayo kwa kina katika kitabu chao cha 1998 juu ya ujana wa Lumumba, kuanzia kuzaliwa kwake 1925 hadi 1956. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 mwanasosholojia Valdo Pons alifuatilia jinsi majirani wa barabara moja ya mji huu, Avenue 21, walivyojuana, walivyosaidiana na walivyogombana. Kitabu chake juu ya Stanleyville kilitoka 1969. Mtu anayetaka kujua raia wa mji wa Kiafrika walijipangaje chini ya utawala wa Kibelgiji anaanzia katika mitaa yetu.

Ukaja utawala wa chama kimoja. MPR, chama cha Mobutu, iliundwa 1967, na mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi vikaunganishwa kuwa kimoja, vijana wakawekwa chini ya tawi la vijana la chama. Raia hawakuacha kujipanga. Walijipanga katika parokia, katika likelemba za wanawake sokoni, yaani vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, katika vyama vya watu waliotoka kijiji kimoja. Janet MacGaffey alifanya utafiti wake Kisangani, na katika kitabu chake cha 1987 alionyesha wafanyabiashara wa hapa, wanawake wakiwemo, waliojijengea uchumi wao wakati dola ikidhoofika. Verhaegen, aliyeongoza kituo cha utafiti cha CRIDE katika chuo kikuu chetu, alisimamia kitabu cha 1990 juu ya wanawake wa Kisangani na mapambano yao ya kuishi.

Kisha likaja Kongamano Huru la Kitaifa la 1991 na 1992. Aliyeliongoza alikuwa askofu mkuu wa mji huu, Laurent Monsengwo, aliyekalia kiti cha Kisangani kuanzia 1988 hadi 2007. Hapo mashirika ya raia yalipata kiti rasmi cha kitaifa. Miaka kumi baadaye, kwenye mazungumzo ya amani ya Sun City ya 2002, yalikaa mezani kama upande kamili pamoja na serikali, waasi na upinzani usio na silaha. Makubaliano ya mwisho yaliyapa viti katika serikali na bunge la mpito, pamoja na uongozi wa taasisi za kusimamia demokrasia, tume ya uchaguzi ikiwemo. Hapo pekee kuna swali la kumtosha mtafiti mwaka mzima: msemaji wa raia akishaingia serikalini, shirika alikotoka linabaki na nani, na linamwambia nini?

Na kati ya matukio hayo mawili kuna Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku sita ndani ya mji wetu. Mabomu yaliangukia nyumba, shule na makanisa. Groupe Lotus, shirika la haki za binadamu la hapahapa, lilikuwa likiandika. Ripoti kama hizo zimekuwa ushahidi, na leo ni hati za historia. Nani kazisoma kama hati za historia? Waliziandika akina nani, walijificha wapi, walizitoaje nje ya mji? Haya hayajaandikwa vya kutosha, na wanaoyakumbuka wanazeeka.

“Kuchunguza shirika ni kukagua mradi wake.”

Si kweli. Wengi wetu tumejifunzia kazi kwenye konsultansi: mfadhili analeta hadidu za rejea, maswali yamekwisha kuandikwa, siku zinahesabiwa, ripoti inakwenda kwa aliyelipa. Kazi hiyo ni halali na imelipa karo za watoto wengi. Lakini inauliza kama fedha ilifanya ilichotumwa kufanya. Mtafiti anauliza shirika lenyewe ni nini: nani ana usemi ndani yake, nani anaogopwa, na fedha ikiisha linafanya nini.

Chukua kundi la akiba la wanawake, zile AVEC zilizoenea Kongo yote. Mtindo huo ulianza Niger mwaka 1991 kwa mkono wa shirika la CARE. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi wa kamati. Kila mkutano sanduku hufunguliwa mbele ya wote. Mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongewa muhuri katika kijitabu chake. Mchango wa misiba na magonjwa hukusanywa kando, katika mfuko wake. Mzunguko ukiisha, kwa kawaida baada ya mwaka, fedha hugawanywa kulingana na hisa.

Mkaguzi wa mradi atahesabu wanachama, akiba na mikopo iliyorudi, aondoke. Mtafiti atarudi mkutano baada ya mkutano na kutazama funguo. Zinakaa kwa nani, na mwenye ufunguo akisafiri anamwachia nani? Mfuko wa misiba unalipa msiba wa upande wa mume, au wa mwanamke tu? Aliyeshindwa kulipa mkopo anasemwaje kanisani Jumapili inayofuata? Na mbona wanawake haohao wanaendelea na likelemba yao pembeni, isiyo na sanduku wala muhuri? Kijitabu kile kidogo, ukikisoma pamoja na mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, kinaeleza mwezi mtoto alipougua, mwezi kodi ya nyumba ilipopanda, mwezi mume alipopata kazi.

Vivyo hivyo kwa shirika lililosajiliwa. Tangu sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001, shirika lisilo la faida lina katiba, orodha ya wanachama, mihutasari ya mikutano. Karatasi hizo ziko kwenye mafaili yetu, nyingine zimeliwa na mchwa. Linganisha orodha ya waanzilishi na orodha ya leo, na tayari una mwanzo wa makala.

Nasisitiza hili kwa sababu maombi mengi huangukia hapa. Mtu anaandika kwamba atakwenda Ulaya “kukusanya data juu ya mashirika ya Kongo”. Data iko Lubunga, iko Yangambi, iko Bafwasende. Kule unakwenda na daftari lililojaa, ukapate vitabu, wasomaji wa rasimu yako, na saa za kufikiri bila simu ya ofisi.

“Bila kumjua mtu kule hupati.”

Hapa kuna nusu ya ukweli. Nafasi nyingi hutaka barua ya mwenyeji, yaani mtafiti wa taasisi ile anayekubali kukupokea. Lakini si lazima mwe mmekutana kwenye semina ya hoteli, wala udugu hauhitajiki. Unamjua mtu kwa kumsoma.

Soma makala zake mbili, kisha mwandikie ukurasa mmoja. Katika aya ya kwanza sema wewe ni nani na unachunguza nini, ukitaja mahali na miaka. Katika ya pili eleza kazi yake inakusaidia wapi, na ni wapi uliyoyakuta Tshopo hayakubaliani nayo. Usiogope aya hiyo ya pili. Pingamizi lenye adabu na ushahidi humfanya msomi asimame na kukusoma tena, kuliko sifa za aya tatu. Katika ya mwisho sema unaomba nini, kuanzia lini, kwa muda gani. Ambatisha wasifu mfupi na ukurasa wa mradi, basi. Asipojibu, mwandikie mwingine.

Barua ya mapendekezo nayo ina kosa lake la kila siku. Mkuu wa idara anaandika kwamba wewe ni mwadilifu, mchapakazi, mwenye maadili mema. Barua kama hiyo haimwambii msomaji kitu. Mwombe aeleze kazi moja uliyoifanya mbele ya macho yake: hojaji ulizoziongoza, kumbukumbu ulizozipanga, kosa ulilolivumbua katika takwimu za wenzako.

“Bila Kiingereza usijaribu.”

Si kweli, ingawa Kiingereza kinapanua uchaguzi. Taasisi ya MIASA ya Accra hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. CODESRIA hupokea kazi kwa Kifaransa pia. Tervuren na vyuo vya Ubelgiji inayosema Kifaransa havikuulizi Kiingereza kwanza. Leiden ya Uholanzi na Uppsala ya Uswidi ni habari nyingine, kule kazi huendeshwa kwa Kiingereza, na mtu ajiandae mwaka mmoja kabla. Ila mahojiano yako yabaki kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili, Kilingala, Kimbole au Kilokele. Hazina yako ni maneno ya mtu mwenyewe, na ukiyatafsiri yote kisha ukatupa asili, umeharibu ushahidi.

“Ukishakubaliwa umemaliza.”

Si kweli, na hapa naandika kwa uchungu, maana nimeona watu wenye barua za mwaliko wakibaki nyumbani.

Visa ya Schengen huombwa Kinshasa, nawe hufika mwenyewe kwa alama za vidole. Kwa mto ni zaidi ya kilometa 1,700. Kwa ndege kutoka Bangboka ni tiketi isiyolingana na mshahara wa msaidizi, kisha kuna kulala Kinshasa wakati faili linashughulikiwa. Visa ya muda mfupi inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Nafasi ya miezi minne au zaidi inahitaji visa ya kitaifa ya muda mrefu, ambayo nyaraka zake ni nyingi zaidi na kungoja kwake ni kurefu. Kwa visa ya muda mfupi unatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000.

Jambo moja lisilojulikana sana: kanuni ya visa ya Umoja wa Ulaya inawasamehe ada watafiti wanaosafiri kwa ajili ya utafiti wa kisayansi au kuhudhuria semina ya kisayansi. Ada yenyewe ni euro 90 tangu Juni 2024. Onyesha barua ya mwaliko inayotaja utafiti kwa jina, na uombe msamaha huo waziwazi.

La muhimu kuliko ada ni mpangilio wa malipo. Taasisi nyingi hurudisha fedha ambazo mgeni amekwisha kutumia. Kwa mtu wa Kisangani mpango huo unamtoa kabla hajaanza. Mweleze mwenyeji mapema, kwa hesabu iliyoandikwa: tiketi ya Kinshasa, malazi, usafiri wa mjini, bima. Mwombe ilipwe kabla ya safari. Si aibu. Mtu wa Leiden hajui kwamba ubalozi uko mbali nasi kiasi hicho, na hatajua mpaka aambiwe.

Tena nafasi hazipo Ulaya na Marekani tu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kampala kuna Makerere Institute of Social Research, Nairobi kuna taasisi ya Kifaransa ya utafiti, IFRA, ambayo imezoea wanaoandika kwa Kifaransa. Accra na Dakar nimekwisha kuzitaja. Kwa anayechunguza mashirika ya raia, kukaa Kampala miezi mitatu na kuona jinsi mashirika ya kule yanavyosajiliwa na kuminywa kunaweza kumfundisha kuliko mwaka mmoja wa kusoma nadharia mbali na bara hili.

“Ukiondoka unapoteza kazi chuoni.”

Si kweli kama umeaga kwa maandishi. Pata idhini ya kamati ya uongozi wa chuo, panga nani atashika vipindi vyako, weka nakala. Wanaopata shida ni walioondoka kwa mdomo.

“Mgeni ndiye mwandishi, sisi ni wasaidizi.”

Kama kanuni si kweli. Kama desturi imekuwa kweli kwa muda mrefu mno.

Mtafiti wa nje hufika na swali lake. Mtu wa hapa humtafutia wa kuhojiwa, humtafsiria, humwonya barabara ipi isipitwe, humweleza kwa nini kiongozi fulani amecheka alipoulizwa lile swali. Kitabu kinatoka, naye yumo kwenye mstari mmoja wa shukrani. Wenzetu wa Bukavu walilisema hili hadharani. Kupitia mradi wa Bukavu Series, watafiti wa Kongo na wenzao wa Ubelgiji waliandika juu ya hali ya wale wanaoitwa wasaidizi wa utafiti: hatari wanazobeba, malipo yao, majina yao yanayofutwa. Kitabu chao kilitoka 2020. Kisangani tunahitaji kukisoma na kuongeza yetu, kwa sababu mji huu umepokea watafiti wa kigeni tangu miaka ya 1950.

Nafasi ya mtafiti mgeni inageuza mambo, kwa kuwa swali ni lako na mwaliko una jina lako. Mkataba wa utafiti huanza hapo. Lakini hata ukiwa nyumbani, kabla ya kumpeleka mtu kwenye kundi moja la wanawake, andikianeni: sauti zilizorekodiwa zitabaki na nani, nakala ipi itabaki Kisangani, majina ya waandishi yatapangwa vipi. Omasombo na Verhaegen wako wawili kwenye jalada lao, na kitabu kikawa bora kwa hilo. Omasombo, mtoto wa Kongo, ameongoza kule Tervuren mfululizo wa vitabu juu ya mikoa yetu, Tshopo ikiwa na kitabu chake. Basi anayesema jambo hilo haliwezekani hajaangalia rafu.

“Ukishavuka mpaka uko huru kuandika kila kitu.”

Si kweli. Wewe umevuka, waliokuambia wamebaki.

Hapa Kisangani suala hili si la nadharia. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, ambapo milioni 225 ni kwa madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili, kwa awamu tano za kila mwaka. Mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, una makao yake hapa. Vyama vya waathirika vimepata uzito mpya, na pamoja na uzito huo mzozo: nani yuko kwenye orodha, nani anamsemea nani, nani anachukua makaratasi ya mjane na kwa ahadi gani.

Hakuna mada bora kwa mtafiti wa mashirika ya raia, na hakuna inayodai uangalifu zaidi. Mama aliyepoteza mguu Juni 2000 ameshahojiwa mara nyingi kwa miaka hii yote. Kila anayekuja na karatasi anaonekana kama mwenye fidia mkononi. Mweleze tangu mwanzo kwamba wewe huandikishi mtu, hugawi kitu, na kwamba ana haki ya kukataa. Usiandike jina lake, jina la mtaa wake pamoja na kazi yake, wala undani utakaomfanya jirani amtambue. Weka sauti zake penye ulinzi kabla ya kupanda ndege. Uangalifu huohuo unadaiwa na anayechunguza mgogoro wa Wambole na Walengola uliozuka 2023 upande wa Lubunga, ambako jina tu la mtu humwambia msomaji yuko upande gani.

“Marekani imekata misaada, nafasi zimekwisha.”

Zimepungua. Misaada ilisimamishwa Januari 2025 na USAID ikafungwa rasmi katikati ya mwaka huo, na programu zilizotegemea bajeti ya Washington ziliguswa. Za Afrika, Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani na nchi za Nordic zina vyanzo vingine. Na kukatwa huko kumetuachia swali la utafiti ambalo halitajirudia hivi karibuni: shirika lililoishi kwa mfadhili mmoja linafanya nini mfadhili akiondoka ghafla? Nani anabaki ofisini bila mshahara, na kwa nini? Anayetaka kulijibu aanze kuandika sasa, wahusika wangali wanakumbuka.

“Kisangani haina cha kumpa mtafiti mgeni.”

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu linatuhusu sisi, siyo wenyeji wa Ulaya.

Chuo kikuu chetu kilianza 1963 kama Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kikaingizwa katika UNAZA, chuo kikuu cha taifa, 1971, kikapata uhuru wake kama UNIKIS 1981. Katika sayansi za viumbe tumeshaonyesha kwamba tunaweza kupokea watu. Mwaka 2010 msafara wa Boyekoli Ebale Congo uliwakusanya hapa mtoni watafiti wa Kongo na Ubelgiji. Baada yake tukapata Kituo cha Uangalizi wa Bayoanuwai, kilichofunguliwa 2014. Yangambi ina mnara wa kupima hewa ya msitu, unaowavuta wanasayansi wa mbali. Wa kwao wanakuja, wa kwetu wanakwenda, na ubadilishanaji huo una jengo na una watu wa kuusimamia. Kama samaki na miti vimepata kituo, mashirika ya raia yanastahili angalau chumba.

Chumba hicho si ndoto ya mamilioni. Kinahitaji meza, kabati lenye kufuli, mashine ya kuskani, na mtu wa kupanga nakala za mihutasari ya mashirika ya Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga kabla mchwa hawajamaliza kazi. Mtafiti wa Goma, wa Kampala, wa Ghent akija kukaa nasi miezi mitatu akute pa kuanzia, na aondoke akiwa ametuachia nakala ya alichokiandika.

Viongozi wa mashirika, msichome mafaili ya zamani mnapohama ofisi. Kitivo cha sayansi za jamii, tafuteni chumba hicho mwaka huu. Na wewe CT, au katibu mwenye kabati la ripoti, soma makala mbili za mtu unayemhitaji, kisha mwandikie ukurasa mmoja, kwa jina lako.